Dhahabu ya Senge

Kipimo cha malaria ambacho shangazi yangu anauza kwenye kemisti yake hapa Malaba kina dhahabu ndani. Siongei kwa mafumbo. Ule mstari mwekundu unaotokea kwenye kidirisha cha plastiki baada ya tone la damu ni dhahabu yenyewe, ileile ya pete na mikufu, ila imefanywa kuwa vipande vidogo mno hadi ikaacha kuwa ya njano. Siku niliyomwambia senge habari hiyo (kwetu shangazi ni senge), aliacha kuhesabu pesa akanitazama juu ya miwani.

"Dhahabu? Na mimi nauza hiki kitu bei ya soda mbili?"

"Dhahabu, senge."

"Basi huko chuo ulijifunza kitu kabla ya kurudi."

Sikujifunza chuoni. Niliacha biokemia mwaka wa tatu, karo ilipokataa kupatikana, na hadi naondoka hakuna aliyekuwa amenieleza rangi ya ule mstari inatoka wapi. Niliisoma hapahapa, usiku, kwenye simu, nikimlindia senge duka huku malori yakinguruma nje yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Nilikuwa na swali langu moja, na halikuwa la sayansi sana. Nilitaka kujua kama kaka yangu angekuwa anasikia leo, endapo huu mstari ungefika Malaba mapema kidogo.

Mwaka 2008 nilikuwa darasa la tatu, yeye ana miaka 13. Alianza homa jioni moja ya Alhamisi. Mama akamtuma kwa senge. Senge akamgusa paji la uso, akamuuliza kama anatapika, kama kichwa kinauma, akampa dozi ya malaria na Panadol. Ijumaa akameza. Jumamosi akameza. Jumapili shingo ilikuwa ngumu kama mti na hakutaka mtu afungue dirisha, mwanga ulikuwa unamuumiza. Hospitalini wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini sikio la kushoto lilikufa kabisa na la kulia likabaki na nusu. Leo anapakua mizigo kwenye maghala ya hapa mpakani. Ukitaka kumwita, unamgusa bega.

Kabla hujamhukumu senge, ngoja nikueleze mambo yalivyokuwa. Busia yetu iko katika ukanda wa ziwa, sehemu yenye malaria nyingi kuliko zote Kenya. Kwa miaka mingi, hata miongozo ya matibabu ilielekeza kwamba mtoto mdogo mwenye homa katika maeneo kama haya atibiwe malaria bila kusubiri. Hesabu yake ilikuwa rahisi: dawa ilikuwa ya bei ya chini, kipimo hakipo, na mtoto anaweza kufa kabla kesho haijafika. Kupima kulihitaji hadubini, stima, na mtu aliyesomea kuitazama damu kwenye kioo na kumtambua mdudu. Vitu hivyo vilikuwa hospitalini. Kwenye duka la dawa kulikuwa na kiganja cha senge tu.

Kisha dawa zenyewe zikaanza kushindwa. Klorokwini ilichoka, Kenya ikaiacha mwaka 1998 na kuhamia Fansidar na wenzake. Fansidar nayo haikudumu. Mwaka 2004 serikali ikachagua dawa ya mseto, ile tunayoiita AL, na ikaanza kufika vituoni mwaka 2006. Dawa hii ilikuwa nzuri lakini ghali, na kila mtu aliyeimeza bila kuwa na malaria alikuwa anaiharibu kwa ajili ya mwenzake wa kesho. Hapo ndipo kupima kukawa jambo la lazima. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema wazi: kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kwanza, mtoto kwa mkubwa.

Sasa turudi kwenye dhahabu. Hadithi yake inaanzia mbali sana na Malaba.

Kule London, katika jumba la makumbusho la Uingereza, kuna kikombe cha kioo cha Kirumi cha karne ya 4. Kinaitwa Kikombe cha Lycurgus. Ukikimulika kwa mbele ni cha kijani. Ukiweka taa ndani yake kinakuwa chekundu kama damu. Waliokitengeneza hawakujua sababu. Walijua tu kwamba ukitia dhahabu na fedha kidogo kwenye kioo, mambo yanatokea. Ilibidi kusubiri hadubini za elektroni za karne ya 20 ndipo watu waone zile chembe ndogo za dhahabu na fedha zilizotawanyika mle ndani.

Mtu wa kwanza kuuliza swali hili kwa makini alikuwa Michael Faraday. Huyu nampenda kwa sababu zangu binafsi. Alikuwa mtoto wa mhunzi, alisoma shule kidogo sana, na akiwa na miaka 14 akaenda kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Alivisoma vile vitabu alivyokuwa anavijalidi, na elimu yake ikaanzia hapo. Hakuwahi kupita chuo kikuu. Nikiwa kwenye kaunta ya senge saa tano usiku, huwa namkumbuka.

Tarehe 5 Februari 1857, Faraday alisimama mbele ya Royal Society akaeleza majaribio yake ya dhahabu na mwanga. Alikuwa amechukua chumvi ya dhahabu iliyoyeyushwa majini na kuirudisha kuwa dhahabu kwa kutumia fosforasi. Alichopata hakikuwa unga wa njano. Kilikuwa maji mekundu, mazuri, meupe kwa ndani kama kioo, huoni kitu chochote kinachoelea. Lakini alipopitisha mwale wa mwanga, njia yake ilionekana mle majini, kama unavyouona mwanga wa taa za lori ukipita kwenye vumbi. Akajua kuna vipande mle, vidogo kupita uwezo wa jicho. Akatia chumvi ya kawaida, maji mekundu yakageuka bluu. Vile vipande vilikuwa vimeanza kushikana. Baadhi ya chupa zake bado zipo London, na zile nyekundu hazijapauka.

Waliokuja baadaye waliongeza matofali juu ya msingi huo. Richard Zsigmondy alisaidia kuunda hadubini ya kuziona chembe hizo kwa mwanga zinaotawanya, akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1925. Mwaka 1908 Gustav Mie aliandika hesabu za kueleza rangi zake. Kwa maneno ya mtaani ni hivi: ndani ya dhahabu kuna elektroni zinazozurura huru. Ukiwa na kipande kikubwa, mwanga unagonga juu na kurudi na ile njano tunayoijua. Ukiwa na kipande kidogo sana, elektroni zote za mle zinayumba pamoja mwanga unapopita, kama abiria wa matatu kwenye kona. Kuyumba huko kunameza mwanga wa kijani. Kijani kikishamezwa, jicho linabaki na wekundu.

Mwaka 1951 John Turkevich na wenzake wakaonyesha njia rahisi ya kutengeneza chembe hizi zikiwa karibu saizi moja: unachemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, unatia sitrati, kitu cha ukoo wa tindikali ya ndimu, na unangoja yawe mekundu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kufanya. Mimi sikufanya, lakini nimeshazoea orodha ya vitu ambavyo sikufanya.

Baiolojia ya seli iliingia mwaka 1971. Page Faulk na Malcolm Taylor walichukua kingamwili, zile protini ambazo mwili hutumia kumtambua adui, wakazishikiza kwenye chembe za dhahabu. Kingamwili ina tabia ya kutafuta kitu kimoja tu na kukikamata. Ukiibebesha dhahabu, popote itakaposhika patabaki na nukta nyeusi kwenye hadubini ya elektroni, kwa sababu dhahabu ni nzito na inazuia elektroni kupita. Walichokitafuta ni sehemu za juu za bakteria wa jamii ya Salmonella, ukoo wa wale wanaotuletea taifodi. Kuanzia hapo wanasayansi wangeweza kuuliza protini fulani inakaa wapi kwenye seli na kupata jibu la kuonyesha kwa kidole.

Kutoka hapo hadi kemisti ya senge ni hatua moja. Kama dhahabu inaweza kuonyesha mahali kingamwili imeshika, na kama dhahabu ikikusanyika pamoja inaonekana nyekundu kwa macho matupu, basi hadubini ya nini?

Ndani ya kile kiplastiki cheupe kuna ukanda wa karatasi. Upande mmoja zimekaushwa chembe za dhahabu, nyingi zikiwa na upana wa nanomita 40 hivi. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Ukizipanga chembe hizo foleni, kama malori yanavyojipanga hapa nje, zaidi ya 150 zinatosha juu ya seli moja nyekundu ya damu. Kila chembe imebebeshwa kingamwili zinazotafuta protini iitwayo HRP2, ambayo mdudu wa malaria aina ya falciparum huimwaga kwenye damu. Unatoboa kidole, unaweka tone, unaongeza matone ya dawa ya maji. Maji yanatambaa kwenye karatasi na kuibeba dhahabu. HRP2 ikiwepo, dhahabu inaishika. Mbele kuna mstari wa kingamwili nyingine, zimefungwa pale hazisogei, nazo zinaikamata HRP2 ikiwa na dhahabu mgongoni. Chembe zinarundikana, mstari mwekundu unatokea. Isipokuwepo, dhahabu inapita moja kwa moja, na ni mstari wa pili tu, ule wa kuthibitisha kwamba kipimo kinafanya kazi, unaopata rangi. Dakika 15 au 20, umemaliza. Hakuna stima, hakuna hadubini.

Dhahabu ilichaguliwa kwa sababu haishiki kutu, protini zinaipenda, na rangi yake ina nguvu. Kiasi kinachotumika kwenye kipimo kimoja ni sehemu ndogo tu ya miligramu, ndiyo maana senge anaweza kuuza bei ya soda mbili.

Sasa, kuna kitu kuhusu Busia ambacho watu wengi wa Busia hawajui. Wilaya hii imejulikana sana kwenye vitabu vya uchumi. Majaribio ya dawa za minyoo shuleni yaliyofanyika hapa mwishoni mwa miaka ya 1990 ni sehemu ya kazi iliyompeleka Michael Kremer hadi Nobel ya uchumi mwaka 2019. Na mwaka 2009, mwaka mmoja tu baada ya kaka yangu kuugua, watafiti Jessica Cohen, Pascaline Dupas na Simone Schaner waliendesha jaribio lao kwenye wilaya za Busia, Samia na Mumias. Waliuliza: serikali na wafadhili wakipunguza sana bei ya AL madukani, nani atainunua?

Majibu yao yalichapishwa mwaka 2015. Bei iliposhuka, watu wengi zaidi walipata dawa, na hilo ni jema kabisa. Lakini karibu nusu ya dawa hizo za bei nafuu zilienda kwa watu ambao hawakuwa na malaria. Karibu nusu. Walipoweka vipimo vya haraka kwenye maduka ya dawa kwa bei ya chini, watu wengi walikubali kupimwa. Tatizo likabaki moja: wengi walioambiwa hawana malaria walinunua dawa hata hivyo.

Niliposoma hapo niliiweka simu chini. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba nyumbani kwetu kulitokea kosa. Kumbe ukichukua watu wawili waliotoka dukani na AL mkononi, mmoja alikuwa na nafasi kubwa ya kuwa na ugonjwa mwingine. Kaka yangu alikuwa huyo wa pili. Hakuwa na bahati mbaya ya ajabu, alikuwa wastani.

Kuna uchungu mwingine hapa ambao siwezi kuuruka, kwa sababu nchi hii yetu inaijua dhahabu kwa njia tofauti. Mwaka 1931 iligunduliwa Kakamega, si mbali na hapa, na Wazungu wakaja mbio. Mwaka 1930 sheria ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao milele, na sehemu ikichukuliwa watalipwa kwa ardhi nyingine. Desemba 1932, dhahabu ikiwa tayari inatoka, sheria hiyo ikarekebishwa ili walipwe pesa tu. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulichimbwa hadi 1952. Ng'ambo ya pili, Busia ya Uganda, wachimbaji wadogo wa Tiira bado wanaosha mchanga na kuukoroga na zebaki, kisha wanaichoma zebaki ili dhahabu ibaki. Moshi huo unaingia kwenye ubongo na figo zao, na za watoto waliokaa karibu.

Na huo mpaka wenyewe ni mstari uliochorwa na watu wasiotoka hapa. Hadi 1902 sehemu hizi zilikuwa Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza wakauhamisha mkoa mzima wa mashariki mwa Uganda ukawa upande wa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta pande mbili. Dhahabu ya huku imeondoka kwa miaka mingi kwa njia halali na kwa magendo, na sehemu ndogo mno ya dhahabu ya dunia, labda iliyotoka kwingine kabisa, inaturudia ndani ya boksi la kadibodi. Sijui nifurahi au nicheke. Senge anasema nifagie duka.

Mwaka 2020 ndipo nilipoona watu wa hapa wakigombania kipimo. Madereva walikaa kwenye foleni ya kilomita nyingi wakisubiri majibu ya korona, siku baada ya siku, kwa sababu sampuli zilihitaji maabara. Vipimo vya haraka vya korona vilipokuja baadaye, vingi vilikuwa na dhahabu ileile, na vya mimba vilivyo kwenye rafu ya juu ya senge pia vingi hutumia mbinu hiyohiyo. Rafiki yangu aliyeona mistari miwili mwaka jana, nikamwambia hongera, umepata dhahabu. Hakucheka.

Lakini kipimo si Mungu. HRP2 inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo mstari unaweza kukuonyesha vita vilivyokwisha. Na kuna wadudu waliopoteza jeni ya HRP2. Wanapita mbele ya dhahabu kama mtu wa magendo anayejua njia za panya. Waliripotiwa Peru mwaka 2010, kisha wakaonekana pia Pembe ya Afrika, na Eritrea ililazimika kubadilisha aina ya kipimo. Kwa hiyo mtu mwenye homa isiyoisha asikae nyumbani na kiplastiki mkononi. Aende hospitali.

Hili nimelijua kwa mwili wangu. Msimu wa mvua ndefu uliopita nilishikwa na homa, natetemeka chini ya blanketi mbili. Senge akanipima. Tulikaa tukikitazama kipimo dakika 15. Mstari mmoja tu.

Najua yote niliyokuandikia hapo juu. Najua Faraday, najua ile karibu nusu, namjua kaka yangu. Na bado nilimwambia, "Senge, nipe tu AL. Naijua malaria yangu."

Alikuwa amesimama kati yangu na rafu. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwaka ule sikuwa na hiki. Leo ninacho. Sikupi." Halafu akafunga duka mchana kweupe, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya, tukapanda boda moja, mimi katikati, hadi hospitali. Ilikuwa nimonia.

Njiani tulipita kwenye maghala. Kaka alikuwa juu ya lori na gunia begani. Senge alimwita kwa jina kwa sauti kubwa, mara mbili, kama anavyofanya siku zote, kana kwamba safari hii atasikia. Kisha akamwambia mwenye boda asimame, akashuka, akaenda kumgusa mguu.